Mraba Mmoja ni Mita Ngapi?

Fungua daftari la mwanafunzi wa kidato cha pili kwenye ukurasa wa grafu ya mwendo na muda, utamjua ni mtu makini. Mistari imenyooka, mihimili imeandikwa majina, penseli ilichongwa. Chini kuna jibu: umbali ni mita 768. Kila kuzidisha kuko sawa. Ukihakiki kwa kikokotoo utapata namba zile zile. Na jibu bado si kweli, tena lingeweza kukamatwa kwa macho tu.

Grafu yenyewe ni ya daladala linalotoka kituo kimoja na kusimama cha pili. Tanga mfano huu hauhitaji maneno mengi. Barabara za namba za mtaa wa Ngamiani zimenyooka, gari likiondoka kona hii unaliona mpaka kona ile. Daladala linaanza sifuri, linafika mita 12 kwa sekunde ndani ya sekunde 8, linakwenda na mwendo huo huo kwa sekunde 30, kisha dereva anakanyaga breki na gari linasimama baada ya sekunde 6. Mita 12 kwa sekunde ni kama kilometa 43 kwa saa, kwa hiyo trafiki hana la kusema. Safari nzima ni sekunde 44.

Ukichora mwendokasi kwenye mhimili wa wima (mwendokasi wa fizikia, si mabasi ya Dar) na muda kwenye mhimili wa mlalo, unapata mpando, uwanda, na mteremko mkali. Umbali ni eneo lililofungwa kati ya mstari huo na mhimili wa muda. Hilo kila mwanafunzi analikariri. Sasa tazama 768 ilivyozaliwa.

Pembetatu ya kwanza: nusu ya 8 mara 12, ni 48. Sawa kabisa. Mstatili: mwanafunzi ameangalia pale unapoishia, akaona 38, akazidisha kwa 12, akapata 456. Pembetatu ya mwisho: ameona 44, akachukua nusu ya 44 mara 12, akapata 264. Jumla 768. Alichokosea ni kusoma. Namba iliyo chini ya mhimili inasema ni sekunde ya ngapi tangu safari ianze, haisemi umbo lina upana gani. Mtu akikwambia basi lilifika Muheza saa nne, bado hujui limetembea muda gani mpaka akwambie liliondoka saa ngapi. Kitako cha mstatili ni 38 toa 8, yaani 30. Kitako cha pembetatu ya mwisho ni 44 toa 38, yaani 6. Kwa hiyo 48, kisha 30 mara 12 ambayo ni 360, kisha nusu ya 6 mara 12 ambayo ni 36. Jumla ni mita 444.

Dawa yake ni ya penseli. Kabla ya kugusa fomula yoyote, shusha mistari ya nukta kutoka kwenye kila kona ya grafu mpaka chini, halafu andika upana wa kila kipande kati ya mistari hiyo: 8, 30, 6. Zijumlishe. Zisipotoa 44, usiendelee. Wanaofanya hivi hawarudii kosa la 38, na wale wanaosema wanaona kichwani ndio haohao tunaokutana nao tena wiki inayofuata na kosa lilelile.

Kuna ukaguzi mwingine usiozidi nusu dakika. Zungushia grafu nzima boksi: upana 44, kimo 12. Eneo la boksi ni 528, na grafu yote imo ndani yake, kwa hiyo umbali hauwezi kufika mita 528. Mstatili wa katikati peke yake ni 360, kwa hiyo hauwezi kuwa chini ya hapo. Jibu liko kati ya 360 na 528. Lile 768 limetoka nje ya boksi lake lenyewe. Hiyo 528 nayo tunaiona sana kwenye madaftari, kwa wanaozidisha mwendo mkubwa kwa muda wote, kana kwamba gari liliondoka kituoni likiwa tayari na 12 na likasimama ghafla kama limegonga ukuta. Mita 84 walizoongeza ni zile pembe mbili tupu za juu, kushoto na kulia.

Wenye haraka hutumia trapeza moja (umbo la pande nne, mbili kati yake zikiwa sambamba) badala ya maumbo matatu: jumlisha pande mbili zinazokwenda sambamba, gawa kwa 2, zidisha kwa kimo. Hapa pande hizo ni ya chini, 44, na ya juu, 30. Nusu ya 74 ni 37, mara 12 ni 444. Njia nzuri, lakini hakikisha unajua pande zipi ni sambamba, maana kuna wanaojumlisha zile zilizolala mshazari kwa kuwa ndizo zinazovutia macho.

Swali tunaloanza nalo siku hizi, kabla ya fomula, ni hili: mraba mmoja wa karatasi yako ni mita ngapi? Wengi hushangaa. Wanadhani mraba ni mraba tu, hauna mita. Chukua skeli ya sentimita 1 kwa sekunde 4 kwenye mlalo na sentimita 1 kwa mita 2 kwa sekunde kwenye wima. Mraba wa sentimita moja una upana wa sekunde 4 na kimo cha mita 2 kwa sekunde. Kitu kinachokwenda mita 2 kila sekunde, kwa sekunde 4, kimekwenda mita 8. Basi kila mraba ni mita 8. Sekunde zimefutana, zimebaki mita, na hiyo ndiyo sababu eneo la grafu hii linatoa umbali wala halitoi hekta. Daladala letu kwenye karatasi hiyo lina upana wa sentimita 11 chini, 7.5 juu, na kimo cha sentimita 6. Trapeza yake ina miraba 55.5. Zidisha kwa 8: mita 444. Ikiwa karatasi yako ina vimraba vya milimita 2, basi sentimita mraba moja ina vimraba 25, na kila kimoja ni mita 0.32. Kosa la skeli nalo linajitokeza hapa: mwanafunzi anayepima kwa rula, akapata sentimita, akasahau kuzigeuza, ataandika umbali wa mita 55.5 na kulala usingizi.

Kwa nini eneo? Swali hili huulizwa na wachache, na hao wachache wanastahili jibu zuri. Shule yenye mashine ya kupiga nukta kwenye utepe inaweza kulionyesha mezani. Mashine inatumia umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, inapiga nukta 50 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya nukta na nukta ni sekunde 0.02. Nafasi tano ni sekunde 0.1. Utepe ukishavutwa na kigari, ukate kila baada ya nafasi tano. Tuseme vipande vinne vya kwanza vina sentimita 2, 4, 6 na 8. Visimamishe kwa mpangilio, kimoja kando ya kingine, ubandike kwenye karatasi. Tazama: kipande kirefu ni mwendo mkubwa, kwa sababu utepe mwingi umevutwa ndani ya muda uleule. Hiyo ni grafu ya mwendokasi na muda, haikuchorwa, imebandikwa. Na umbali kigari kilichotembea ni nini? Ni utepe wote: 2 na 4 na 6 na 8, sentimita 20. Vipande vilivyosimama kwenye karatasi ndivyo vilevile vilivyokuwa vimelala nyuma ya kigari. Kujumlisha vipande ni kujumlisha umbali, na kujumlisha vipande ndiko kupata eneo.

Pasipo mashine, kata vipande vya karatasi za daftari kuukuu kwa urefu huohuo. Haina heshima ya maabara, lakini inaelewesha.

Katikati ya grafu ya daladala kuna mtego ambao hauhusu hesabu kabisa. Mstari uliolala. Kwenye grafu ya umbali na muda, mstari uliolala maana yake kitu kimesimama. Mwanafunzi amejifunza hivyo wiki iliyopita, na anaubeba ujuzi huo mpaka huku. Huku mstari uliolala juu kwenye 12 ni gari linalokwenda, tena linakusanya mita 12 kila sekunde. Gari lililosimama ni mstari uliolala chini kabisa, juu ya mhimili wenyewe, penye sifuri. Eneo lake ni sifuri ingawa muda unaendelea. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hata ya kuuliza thamani ya mraba, soma maandishi ya mhimili wa wima. Karatasi ya mtihani inapenda kuweka grafu zote mbili ukurasa mmoja.

Sasa tutoke mjini. Basi linalotoka Tanga kwenda Muheza, kilometa kama 35, na grafu yake iko kwa kilometa kwa saa na dakika. Hapa ndipo miujiza hutokea. Basi likienda kilometa 60 kwa saa kwa dakika 20, mwanafunzi anazidisha, anapata 1200, anaandika kilometa 1200. Muheza hajafika. Saa na dakika hazifutani. Badilisha dakika kuwa saa: 20 gawa kwa 60, mara 60, ni kilometa 20. Au fanya ujanja wa skeli: sentimita 1 iwe kilometa 10 kwa saa, na sentimita 1 iwe dakika 6. Dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, kwa hiyo kila mraba ni kilometa 1 kamili. Ukishachora hivyo, unahesabu miraba kama unavyohesabu nguzo za barabarani.

Tuseme grafu inaanza basi likiwa tayari kwenye 50, mwendo wa kwenye makazi ya watu, linakaa hapo dakika 12. Kisha linapanda kutoka 50 mpaka 80 kwa dakika 3, linakaa kwenye 80 kwa dakika 15, na mwisho linapunguza mpaka sifuri kwa dakika 3. Kipande cha kwanza: 50 mara 0.2 ya saa, kilometa 10. Kipande cha pili ndicho kinachowasumbua watu, kwa sababu trapeza imelala ubavu. Pande zake sambamba ni zile za wima, 50 na 80, na kimo chake ni muda, dakika 3. Nusu ya 130 ni 65, mara 0.05 ya saa, kilometa 3.25. Anayeogopa trapeza iliyolala akate mstatili wa chini wa 50 na pembetatu ya juu ya 30: kilometa 2.5 na kilometa 0.75, jumla ileile. Kosa lenyewe ni kuchukua pembetatu ya juu na kuuacha mstatili wa chini. Kipande cha tatu ni 80 mara 0.25, kilometa 20. Cha mwisho ni pembetatu, nusu ya 80 mara 0.05, kilometa 2. Jumla kilometa 35.25. Ukipata jibu la namna hii kwa safari unayoijua, unajua mwenyewe kwamba hujapotea.

Basi la kweli halichoreki vizuri hivyo. Linasimama Pongwe, linapunguza kwenye matuta, na mistari yake haina kona kali, kwa sababu gari haligeuzi mwendo papo hapo. Mabasi ya mikoani yanafungwa kifaa cha kufuatilia mwendo kinachosimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na taarifa za mwendo kwa muda za kifaa kama hicho zikichorwa, zinatoa mstari wenye mabonde mengi. Kanuni haibadiliki. Ile 65 tuliyoipata, wastani wa mwanzo na mwisho wakati mwendo unapanda kwa usawa, ni wazo la zamani: Nicole Oresme, Mfaransa wa karne ya 14, alilionyesha kwa kuchora, mistari ya wima ikiwa ni mwendo na eneo likiwa ni umbali. Lakini wastani huo unafaa pale mstari unaponyooka tu. Mstari ukipinda, acha fomula ya trapeza moja.

Kwa mstari uliopinda tunapenda baiskeli, na mji huu haukosi baiskeli. Mwendesha baiskeli anaanza kukanyaga pedali, mwanzo anaongeza mwendo haraka, kisha taratibu. Soma mwendo wake kila baada ya sekunde 5, kwa simu yenye programu ya kupima mwendo. Tuseme: 0, 3.0, 4.6, 5.4, 5.8, 6.0 mita kwa sekunde, mpaka sekunde ya 25. Ukiunganisha nukta kwa mistari mifupi unapata pembetatu moja mwanzo na trapeza nne, zote zenye upana wa sekunde 5. Njia ya mkato: chukua nusu ya mwendo wa kwanza na nusu ya mwendo wa mwisho, jumlisha na ile yote ya katikati bila kuigawa, zidisha kwa 5. Katikati ni 3.0, 4.6, 5.4 na 5.8, jumla 18.8. Nusu ya 0 ni 0, nusu ya 6.0 ni 3. Zote 21.8, mara 5, mita 109.

Hiyo 109 ni pungufu kidogo, na inawezekana kujua hivyo bila kupima. Mstari wetu umebinuka kwa juu, mgongo kama wa kobe. Kila mstari mfupi ulionyooka unapita chini ya mgongo huo na kuacha kipande chembamba nje. Kama mstari ungebonyea kama mtumbwi, trapeza zingetoa jibu kubwa kuliko la kweli. Mipaka nayo ipo: ukichukua mwendo wa mwanzo wa kila sekunde 5 kana kwamba haubadiliki, unapata mita 94. Ukichukua wa mwisho, mita 124. Umbali wa kweli umekaa humo ndani.

Anayetaka kupima afunge kitambaa chekundu kwenye spoki moja ya gurudumu la nyuma. Tairi ya inchi 28 ikizunguka mara moja inakwenda kama mita 2.2, usiamini namba yetu, weka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye sakafu, sukuma mpaka alama irudi chini, pima kwa tepu. Halafu mmoja aendeshe, mwingine ahesabu kitambaa kinapita chini mara ngapi. Mizunguko 50 ni mita 110, karibu kabisa na 109 ya grafu. Kuhesabu kwa macho kunashindikana baiskeli ikifika mbio, kwa hiyo rekodi video kwa simu na uhesabu taratibu baadaye. Tofauti ya mita tatu nne isikutishe. Tofauti ya mita 40 ni ishara kwamba kuna mtu amesoma kilometa kwa saa akaandika mita kwa sekunde.

Kwa grafu iliyochorwa tayari, bila orodha ya namba kama ile ya baiskeli, hesabu miraba. Mzima ni mmoja, uliojaa nusu au zaidi uhesabu mmoja, uliojaa chini ya nusu uache. Weka alama ya penseli kwenye kila uliouhesabu, la sivyo utaurudia. Kisha zidisha kwa thamani ya mraba mmoja. Tumia miraba ya sentimita kwenye sehemu iliyojaa, na vimraba vidogo kwenye ukingo tu. Anayehesabu vimraba vidogo vyote mia nane na kitu atachoka kwenye mia tatu, aanze kubuni.

Mhimili wa wima usioanzia sifuri unahitaji onyo lake. Mchoraji akitaka kuokoa karatasi huanzia 20. Mstari unashuka kutoka 30 mpaka 20 kwa sekunde 10, na machoni unaona pembetatu iliyokaa sakafuni. Nusu ya 10 mara 10, mita 50. Lakini sakafu ile ni 20, na chini yake kuna mstatili mzima ambao haukuchorwa: 20 mara 10, mita 200. Umbali ni mita 250. Ukikuta alama ya kuvunjika chini ya mhimili, au namba ya kwanza isiyo sifuri, chora upya au andika mstatili uliofichwa pembeni kabla hujasahau.

Na mstari unaovuka kwenda chini ya mhimili. Jiwe limerushwa juu kuelekea embe, kwa mita 20 kwa sekunde, tukichukua mvutano wa dunia kuwa 10. Mwendo unapungua 10 kila sekunde, unagusa sifuri kwenye sekunde ya 2, jiwe likiwa juu kabisa, halafu mstari unaingia upande wa hasi mpaka −20 kwenye sekunde ya 4. Pembetatu ya juu ni nusu ya 2 mara 20, mita 20 za kupanda. Ya chini ni mita 20 za kushuka. Swali likitaka umbali, unajumlisha bila kujali alama: mita 40. Swali likitaka uhamisho, yaani kutoka mkono uliporusha mpaka mkono uliodaka, ya chini ni hasi na jumla ni mita 0. Embe halikuanguka pia. Wengi wakiona sifuri wanaogopa, wanaifuta kwa kifutio mpaka karatasi inatoboka, wanaanza upya, na dakika kumi za mtihani zinakwenda hapo.